Dereva Aliyeogopa Kushuka

Ipinda nzima ilimwita Dereva, na hata mkewe alimwita hivyo akikasirika. Madereva wengine walikuwepo, tena wengi, lakini hao walihitaji majina. Yeye ukisema Dereva tu, mtu anajua unamsema yule mzee mrefu wa lori la bluu, anayepeleka mchele na kakao Mbeya na kurudi na viazi vya Tukuyu. Akipita dukani kwangu alisimama mlangoni kwanza, akainamisha kichwa, akalisikiliza friji langu. "Jirani, hiyo mota inalalamika," ananiambia, na kila alipotamka hivyo haikupita wiki friji likanifia.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ulianzia wapi, waulizwe ndugu zake. Mimi nitasema niliyoyaona na kuyasikia nikiwa nyuma ya kaunta, maana duka langu na nyumba yake vinapakana ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Alikuwa mtu wa tahadhari hadi anakera. Mvua zikijaza maji barabara ya Ngonga, madereva vijana walipita hivyo hivyo, wengine wakafika na wengine wakatolewa kwa trekta. Yeye alizima gari, akavua shati, akalikunja vizuri juu ya usukani na kulala. Wenye mizigo walimsema kwa Kinyakyusa, wakamsema kwa Kiswahili, wakachoka. Maji yakipungua aliamka, akavaa shati na kuwasha gari. Ukimuuliza kwa nini anawachelewesha watu, anajibu kwamba barabara haina haraka, wenye haraka ni nyie.

Tahadhari hiyo yote aliimaliza kwenye lori. Mwili wake mwenyewe aliuendesha bila kuukagua. Alikuwa anasikia nati iliyolegea nyuma kabisa, chini ya magunia, lakini kiu iliyokuwa inamwamsha usiku kunywa maji jagi zima aliiita joto la Kyela. Mkewe, mama mpole wa Matema anayeimba sauti ya pili kanisani, alimsihi akapime. Akajibu kwamba gari likiwa linatembea halipelekwi gereji.

Kilichompeleka gereji ni msumari. Siku hiyo alitoka Mbeya hadi Ipinda na msumari umetoboa kandambili ukaingia kwenye unyayo wa kushoto, na hakusikia kitu. Utingo wake ndiye aliyeona damu kwenye pedeli ya klachi, akapiga ukelele. Dereva akauinua mguu, akautazama kana kwamba ni wa abiria, akauliza ni tairi gani limepata pancha. Mtaa mzima tulicheka, na yeye alicheka kuliko sisi. Tulikuja kuacha kucheka alipotoka hospitalini. Sukari ilikuwa juu sana, inaonekana ilikaa huko kwa miaka, na ndiyo iliyoua hisia za nyayo. Daktari alimwambia wazi kwamba kidonda hakitafunga sukari ikiwa juu, na kisipofunga mguu utakatwa.

Alikuja kunieleza mwenyewe, amekaa kwenye kreti tupu mlangoni kwangu, mguu umefungwa bendeji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Jirani, wakiukata huu, lori halina klachi ya mkono," alisema.

Basi akaanza dawa, na mkewe akaanza vita vya jikoni. Wali ukapimwa kwa kikombe, na kwenye nyumba ya mwenye kusafirisha mchele wa Kyela, hilo si jambo dogo. Ndizi mbivu zikahamia kwangu, sukari ikafichwa kwenye gunia la maharage, ikahamishiwa chini ya kitanda, ikaishia kwenye begi la vitabu vya nyimbo. Haikusaidia sana. Mama alikuwa akiniambia kwamba mtu wake yule yuko chooni lakini anasikia kijiko kikigusa bakuli. Hata hivyo Dereva alijitahidi, nisimsingizie. Alikula mboga na usipa, dagaa wetu wa ziwani, hadi akasema ataota mapezi. Nilimwona akipokea chai isiyo na sukari, akifumba macho na kuimeza yote, na kumshukuru mkewe kwa "ndaga fijo", asante sana, kama mtu aliyepewa ng'ombe. Kufikia hapo nilidhani tumeshinda.

Sikujua habari ya neno moja: kushuka.

Kwa Dereva, kupanda hakukuwa na tatizo. Gari likipanda, injini inalia, moshi unatoka, mwendo unapungua, likishindwa linasimama. Alichokuwa anakiogopa ni mteremko. Rafiki yake wa ujanani alifia kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu, breki zilipogoma na tumbo la lori limejaa, na Dereva alikuwa nyuma yake na gari lake, akashuhudia yote. Halafu kaka yake mkubwa, aliyekuwa na sukari, alifariki asubuhi moja bila kuugua, na kila aliyeingia msibani alirudia maneno yale yale ya msibani: ilimshuka ghafla. Dereva alikaa pale siku zote za msiba akilisikia neno hilo. Watu wake wawili, na wote wamechukuliwa na kushuka.

Sasa fikiria mtu huyo yuko kliniki, na nesi, binti wa kutoka Tanga mwenye sauti ya taratibu, anatazama kipimo, anatabasamu na kumwambia, "Hongera, baba, sukari yako imeshuka."

Mkewe ndiye aliyenisimulia. Dereva alishika ukingo wa meza, akaomba aende zake. Alipofika nyumbani hakuingia. Alipita moja kwa moja hadi kwangu, midomo imekauka, mikono inatetemeka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Akaomba soda. Nilimuuzia, na wewe ungemuuzia, maana jasho lile halikuwa la kuigiza. Aliimimina kooni kwa mkupuo mmoja, akakaa kwenye kreti, na baada ya muda mikono ikatulia. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyenusurika ajali.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Kila dawa ilipofanya kazi yake, mwili ulitetemeka, moyo ukaenda mbio, akaona kiza, akaja kunywa soda kwangu au kwenye duka la upande wa pili. Sukari ikapanda tena, na kidonda kilichokuwa kimeanza kunywea kikatoa maji. Mama alifagia chini ya kiti cha lori akatoa vizibo vya soda kiganja kizima. Hakugomba. Alilia kidogo, akafunga kanga, akaenda kumleta nesi.

Walikuja Jumamosi, wakamkuta Dereva dukani kwangu, na nesi hakumsema kwanza. Alimwuliza anachosikia. Dereva akaeleza yote: kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo, kiza. Akamalizia kwamba huko ndiko kushuka kulikomuua kaka yake, na kwamba yeye anatibiwa ili afe.

Nesi akatoa mashine ndogo ya kupimia, akamtoboa kidole. Ilisoma saba na pointi kadhaa. Akamwambia hiyo ni sukari nzuri kwa mtu kama yeye, wala haijafika chini. Chini ya nne ndipo penye hatari ya kweli, na hapo anywe kitu cha sukari mara moja, asingoje mtu. Lakini mwili wake ulizoea kuishi juu kwa miaka. Ukirudishwa mahali pake, unadhani unaanguka, unapiga kelele. Kelele hizo ni za kweli, mateso ni ya kweli, ila hatari haipo, na mwili ukiachwa utazoea baada ya wiki kadhaa. Dereva alisikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno moja. Nilimwona usoni.

Ndipo yule binti akamwuliza jambo la ajabu. "Baba, ukitoka Tukuyu unakuja huku chini, masikio yako yanakuwaje?"

"Yanaziba," alisema Dereva. "Yanavuma. Ukiongea hujisikii."

"Halafu?"

"Halafu ukifika huku yanazibuka."

"Uliwahi kugeuza lori ukarudi Tukuyu kwa sababu masikio yameziba?"

Mkewe alitazama pembeni asicheke. Mimi sikuwa na adabu hiyo, nilicheka hadi nikashika kaunta, kisha nikaona uso wa Dereva nikaacha. Alikuwa anafikiri. Alikuwa na sura ile ile ya kusikiliza friji. Nesi akaendelea kwamba kila soda ni kurudi Tukuyu, na kila akirudi, ile safari ya kushuka inaanza upya. Akasema pia atamwomba daktari apunguze kidogo nguvu ya dawa ili ashuke taratibu. Kuhusu mguu alisema jambo moja tu: hauna muda wa safari nyingi.

Kujua ni kitu kimoja. Nitasimulia mchana mmoja kama ulivyokuwa, maana ndio ulionifundisha huyu mtu alikuwa nani.

Mama alikuwa Matema kwenye mazoezi ya kwaya. Jua lilikuwa kali, mtaa mtupu. Dereva aliingia akiwa anajishikilia kwenye fremu ya mlango, na shati limelowa mgongo mzima. Akaketi, akatoa mashine aliyoachiwa na nesi kwenye mfuko wa shati. Kidole kilimtetemeka hata akaharibu kijikaratasi cha kwanza cha kupimia, damu ikaenda pembeni. Cha pili nilimshikia mkono mimi.

Sita pointi moja.

Nikamsomea kwa sauti. Akasema mashine imeharibika. Nikamwambia haijaharibika. Akasema, "Jirani, nipe soda," na mimi nikafunga friji kwa ufunguo, nikaushika mkononi. Sijawahi kuogopa namna ile. Mimi si nesi, mimi nauza chumvi na sabuni. Nilijua sheria, chini ya nne mpe, juu ya nne akae, lakini sheria ni kitu cha kukariri na mtu anayetetemeka mbele yako ni mtu. Nilimpa maji na karanga kiganja kimoja kama nesi alivyoruhusu. Alizitafuna huku meno yanagongana.

Kisha akaanza kunisema. Huyu mzee ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana hata ng'ombe aliyelala barabarani aliniita muuaji. Akaniuliza nitamwambia nini mkewe akirudi amkute amelala hapa chini. Akaomba kwa jina la Mungu, akaomba kwa Kinyakyusa kama anavyoomba mtoto kwa mama yake, na hapo nilikaribia kufungua. Ufunguo ulikuwa umeniachia alama kiganjani.

"Pima tena," nilimwambia. "Ikiwa chini ya nne nakupa kreti zima, na hulipi."

Alipima. Tano pointi nane. Imeshuka zaidi, na sote wawili tuliona. Dereva akaiweka mashine juu ya kaunta taratibu sana. Alinitazama, akatazama friji, akauangalia mguu wake wa kushoto ndani ya bendeji. Sijui alikuwa anapima nini na nini. Kisha akashika kingo za kreti alilokalia kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akishika usukani, akafumba macho, akakaa.

Alikaa. Wateja wawili walikuja nikawafukuza kwa mkono. Nilikuwa naangalia kifua chake kinavyopanda na kutelemka, na nilimwogopea kwa namna ambayo sikuwahi kumwogopea mume wangu. Jasho lilitona kwenye sakafu ya saruji. Polepole mabega yakalegea, vidole vikaachia kreti. Akafumbua macho akauliza saa, swali la mtu aliyetoka usingizini.

"Yamezibuka," alisema.

Nililia, wala sioni aibu kuandika hivyo. Yeye aliniomba radhi kwa kuniita muuaji, akaniambia kwamba mota ya friji langu sasa inalalamika kweli.

Hali ile ikarudi kesho yake, na siku nyingine, lakini kila mara ikiwa na nguvu pungufu. Kidonda kikaanza kujaa nyama kutoka ndani, nyekundu na safi, na mkewe akawa anakiosha huku anaimba sauti ya pili peke yake. Mtu mwingine angejisifu mtaani. Dereva hakujisifu. Alizidi kuwa mkimya, akawa anawahurumia watu wa ajabu ajabu: walevi wanaojaribu kuacha, watoto walioachishwa ziwa. Kabla ya hapo alikuwa mkali kwa wavivu na wazembe wa kila aina. Nilimsikia akimwambia utingo wake kwamba mtu akisema anaumwa mwamini kwanza, halafu ndiyo umpime.

Kidonda kilipofunga kabisa na daktari akauacha mguu, tulimsubiri kwa hamu arudi barabarani. Lori lilioshwa, likang'aa. Asubuhi hiyo alivaa viatu vya kufunika, kama alivyoagizwa, akapanda, akakanyaga klachi mara kadhaa bila kuwasha, tukaona uso wake ukifurahi. Mguu ulikuwa unafanya kazi. Akawasha. Lori likanguruma tukapiga makofi.

Halafu akakaa tu, injini inawaka. Nilisogea dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya usukani, na mashine ya sukari iko kwenye paja. Nikamwuliza imesoma ngapi. Akasema sita, nzuri kabisa. Nikamwambia basi nenda. Nesi naye alikuwa ameruhusu, mradi apime kabla ya safari na apumzike njiani.

"Kutetemeka kwa uongo na kutetemeka kwa kweli, mkononi ni kitu kimoja," alinijibu. "Hapa kwako nilikuwa na nafasi ya kukaa na kungoja. Kwenye ule mteremko sitakuwa nayo. Na nyuma ya gari kuna watu."

Akazima. Aliteremka kwa mguu ule ule alioupigania mwaka mzima, akampa utingo wake funguo, maana kijana alikuwa na leseni tayari, akaingia ndani akafunga mlango. Kupitia ukuta wetu mwembamba nilimsikia akilia. Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimkasirikia nesi, daktari, na sukari yenyewe. Mguu umebaki, lori limekwenda, sasa tumepata nini? Nilibaki na hasira hiyo muda mrefu kuliko yeye.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya msimu uliopita wa mavuno. Nilikuwa kwenye bajaji natoka kuchukua mzigo wa duka, kreti za soda zimenibana magoti, tunapita kwenye barabara ya Ngonga katikati ya mashamba ya mpunga. Nikamwona mtu mrefu anatembea peke yake, amevaa suti ya msiba na viatu vyake vya kufunika. Nikamwambia kijana wa bajaji asimame.

Dereva alisalimia vizuri, ila maneno yalikuwa yanachelewa. Alisema anatoka kuzika upande wa wakwe zake, kwamba asubuhi alimeza dawa kama kawaida, na chakula cha msibani kilichelewa akaona bora atembee arudi nyumbani. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Mkono wake haukuwa unatetemeka sana. Nilitaka kumwambia ni ile ile, itapita, kama nilivyozoea. Yeye tayari alikuwa ameketi kwenye tuta la shamba, ametoa mashine. Alijitoboa kidole bila kuharakisha, akasubiri, akaisoma, akanigeuzia nami niione.

Tatu pointi nne.

"Hii sasa ni ya kweli, jirani," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia mota inalalamika. "Nipe soda."

Vidole vyangu havikukubali. Nilivuta chupa ikaniponyoka, nikavuta nyingine, kifungulio sikukiona, nikamwona anaanza kuinama upande. Kijana wa bajaji aling'oa kizibo kwa ukingo wa kreti. Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akapumua, akanywa tena. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, nikimwambia maliza, maliza yote, baba, maliza.

Aliishusha mdomoni, akainua chupa juani kuangalia kilichobaki. Najua jinsi alivyoipenda soda huyu mtu. Alilamba midomo, akapangusa shingo ya chupa kwa kiganja, akanirudishia ikiwa nusu.

"Inatosha," alisema. "Tukae robo saa, halafu tupime."

Tulikaa pale kwenye tuta, bajaji imezimwa, mashine iko kati yetu. Rangi ilianza kumrudia usoni, akamwuliza kijana habari za breki zake. Ile nusu iliyobaki niliinywa mimi, maana mwenye kutetemeka sasa nilikuwa mimi.